Kiti cha Hospitali au Chumba cha Nyumbani: Uamuzi Unaoanzia Mkononi

Wengi wetu ambao figo zilishindwa tukapita kwenye usafishaji wa damu kwa mashine, yaani dialisisi, tuliingia kwa mlango wa dharura. Miguu imevimba, usingizi hauji mpaka ukae wima, kichefuchefu cha asubuhi kinadhaniwa ni vidonda vya tumbo, halafu siku moja kreatinini, taka ya damu inayoonyesha hali ya figo, inasomwa na daktari anasema mgonjwa harudi nyumbani leo. Hapo hakuna anayechagua kitu. Mpira unapitishwa shingoni au kwenye kinena, mashine inawashwa, ndugu wanaanza kupigiana simu za michango. Swali la kusafishiwa hospitali au nyumbani linafika likiwa limeshajibiwa na hali.

Kwa hiyo anayesoma haya na figo zake bado zinasukuma kidogo ana kitu ambacho wengi wetu hatukuwa nacho: muda. Maabara hukokotoa kiwango cha uchujaji kutokana na kreatinini, umri na jinsia. Kikiwa chini ya 15, figo zimefika daraja la 5, la mwisho. Maandalizi lakini yanatakiwa kuanza kikiwa kwenye 20 na kinaendelea kushuka, wakati mtu bado anakwenda kazini na haoni sababu ya kuzungumzia mashine. Hapo ndipo ukatae kuondoka kliniki kabla hujauliza: nikifika huko, damu yangu itatolewa wapi?

Jibu zuri ni mkononi, kwenye mkono usioandikia. Mkono huo uanze kulindwa siku hiyohiyo. Usichomwe sindano ya maabara, usiwekewe dripu, usifungwe mkanda wa presha. Dripu ikilazimika, iwekwe mgongo wa kiganja cha mkono mwingine. Mwambie muuguzi kwa sauti, kila mara, hata kama umelazwa kwa malaria. Mishipa mingi mizuri imeharibiwa na dripu za wiki moja wodini, na mgonjwa amekuja kuitafuta miezi sita baadaye haipo.

Mshipa wa kutolea damu huandaliwa kwa upasuaji, nao unaitwa fistula. Daktari anaunganisha ateri na vena, mara nyingi karibu na kifundo cha mkono, ili vena ipokee damu yenye nguvu, itanuke na ukuta wake ukomae. Ni upasuaji mdogo, hufanywa kwa ganzi, lakini mshipa hautumiki kesho yake. Unahitaji wiki 6 kwa uchache, mara nyingi miezi 2 au 3, na si kila fistula inakomaa, wapo wanaorudiwa. Kipimo wanachokitumia wengi ni cha 6: baada ya wiki 6, mshipa uwe na upana wa milimita 6, usiwe chini ya ngozi zaidi ya milimita 6, na upitishe damu mililita 600 kwa dakika. Hesabu kurudi nyuma, utaona kwamba anayesubiri mpaka ashindwe kula ameshachelewa.

Weka vidole viwili juu ya kovu. Utahisi mtetemo, kama wa paka anayekoroma. Ukisogeza sikio utasikia mvumo usiokatika. Huo mtetemo ushikwe kila asubuhi kabla ya kunawa uso, na kila usiku kabla ya kulala. Siku ukiukosa, usisubiri zamu yako ya kesho kutwa. Damu imeganda ndani, na saa za mwanzo ndizo zenye nafasi ya kuufungua. Usilalie mkono huo, usiubebee ndoo wala mfuko wa soko, na saa ya mkononi ihamie upande wa pili.

Asiye na mshipa unaofaa huwekewa mrija wa kutengenezwa chini ya ngozi, ambao kwa kawaida hutumika baada ya wiki 2 au 3. Asiye na muda kabisa hubaki na mpira wa shingoni. Mpira unafanya kazi tangu saa ya kwanza na hauna maumivu ya sindano, na hapo ndipo mtego ulipo: mtu anauzoea, anaahirisha fistula, mwaka unapita. Lakini ncha ya mpira huo iko karibu na moyo, na njia ya wadudu kutoka nje mpaka kwenye damu ni fupi. Usiloweshe bandeji yake, usiruhusu mtu asiye wa kitengo cha dialisisi achotee damu humo, na homa ya kutetemeka inayoanza muda mfupi baada ya kuunganishwa ichukuliwe kuwa maambukizi ya mpira mpaka vipimo viseme vingine. Tulioambiwa tumeze panadol na kurudi nyumbani tunajua gharama yake.

Zamu ya kwanza haipaswi kuwa ndefu. Kituo makini huanza na muda wa saa 2 kwa mwendo wa pole, kisha huongeza, kwa sababu ubongo uliozoea damu chafu kwa miezi huvimba ukisafishiwa ghafla: kichwa kinauma, mtu anatapika, anachanganyikiwa, hata degedege. Ndugu wengi huona zamu fupi kama kupunjwa. Sivyo.

Mashine haina siri kubwa. Damu inatoka kwa sindano moja, pampu inaisukuma kwa mililita 300 hadi 400 kwa dakika, inapita kwenye kichujio chenye maelfu ya nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani, inarudi kwa sindano ya pili. Nje ya nyuzi hizo, kwa upande ulio kinyume, yanapita maji ya dialisisi, kwa kawaida mililita 500 kwa dakika, yaliyochanganywa na sodiamu, potasiamu, kalsiamu na bikaboneti kwa vipimo. Taka zinahama kutoka kwenye damu kwenda kwenye maji kwa sababu kwenye maji hazipo. Bikaboneti inaingia kwenye damu kwa sababu damu imepungukiwa nayo. Wakati wowote, damu iliyo nje ya mwili ni kama mililita 200 hadi 250, pungufu ya chupa ya soda. Heparini huzuia isigande njiani.

Kawaida ni zamu 3 kwa wiki, kila moja muda wa saa 4. Hizo ni saa 12 kati ya saa 168 ambazo figo nzima ingezifanyia kazi zote, kwa hiyo hakuna dakika ya kuchezea. Kuomba ufunguliwe nusu saa mapema uwahi daladala kunaonekana jambo dogo; ukijumlisha kwa mwaka ni saa 78, karibu zamu 20 zilizopotea. Na anayesafishwa mara 2 tu kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi, ana siku 4 nzima za kukusanya maji na potasiamu kabla ya Jumatatu nyingine. Kenya, mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, ulilipia zamu 2 kwa wiki kwa shilingi 9,500 kila moja, na wengi wakajengewa imani kwamba mbili zinatosha. SHA, mamlaka mpya ya bima hiyo, ilipochukua nafasi hiyo Oktoba 2024 malipo ya zamu yakapanda hadi shilingi 10,650. Bima yoyote uliyo nayo, uliza inalipia zamu ngapi, kisha muulize daktari mwili wako unahitaji ngapi. Majibu hayo mawili si lazima yafanane.

Gharama ambayo bima haiioni ni ya barabarani. Zamu 3 kwa wiki ni safari 156 kwa mwaka, kwenda na kurudi, na mara nyingi watu ni wawili, kwa sababu anayefunguliwa mashine akiwa na kizunguzungu hatakiwi kupanda gari peke yake. Zidisha nauli yako kwa hesabu hiyo kabla hujachagua kituo kwa sababu tu kina jina kubwa. Ongeza sindano za kuongeza damu, dawa za presha, vidonge vya kuzuia fosforasi, na vipimo vya kila mwezi. Familia nyingi huuza kiwanja mwezi wa kwanza kana kwamba ugonjwa utaisha mwezi wa pili. Pangeni kwa miaka.

Kwenye kiti, neno la kulielewa kuliko yote ni uzito mkavu: kilo zako ukiwa huna maji ya ziada mwilini. Kilo moja iliyoongezeka kati ya zamu ni lita moja ya maji. Kikomo cha kutoa maji kinachotumiwa na vituo vingi ni mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa, na wengi hupendelea 10. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo 13 ni mililita 780 kwa saa, yaani lita 3 na kidogo kwa zamu nzima. Akija na kilo 5 akalazimisha zitoke zote, mishipa inanywea, misuli ya vigimbi inakaza kama mbao, presha inaanguka. Dalili ya mapema ni miayo isiyokoma. Ukianza kupiga miayo na jasho la baridi, mwite muuguzi hapohapo. Kula mlo mzito ukiwa kwenye mashine huvuta damu tumboni na kuiangusha presha zaidi. Chai na chapati zingoje. Uliza pia dawa zako za presha zimezwe kabla au baada, maana hilo hutofautiana kati ya mtu na mtu.

Na uzito mkavu haukai pale pale. Mgonjwa aliyerudiwa na hamu ya kula ananenepa, mashine inaendelea kumvuta mpaka kilo za zamani, analegea kila zamu. Aliyekonda kwa kuugua anaachiwa maji mengi kwa sababu karatasi bado inasema 62, kumbe nyama zake ni za 57, na zile kilo 5 ziko kwenye mapafu. Nguo zikianza kubana kiunoni huku uso haujavimba, au suruali ikilegea huku pumzi inakuwa fupi usiku, sema upimwe upya.

Jikoni, chumvi ndiyo inayoleta kiu, na kiu ndiyo inayoleta kilo. Kupambana na kikombe cha maji huku unakula dagaa wa chumvi na mchuzi wa kidonge ni kazi bure. Ukiisha mkojo kabisa, posho ya vinywaji kwa siku huwa karibu nusu lita hadi robo tatu ya lita, pamoja na chai, uji na supu. Potasiamu ni hatari zaidi kwa sababu haivimbishi wala haiumi, inasimamisha moyo tu. Madafu, parachichi, ndizi, machungwa, maharage, viazi na mchicha vyote vinayo kwa wingi. Viazi na ndizi za kupika vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, maji hayo yamwagwe, ndipo viungwe; haviishiwi potasiamu, lakini inapungua. Kuna tunda moja la kuliacha kabisa: lile la jamii ya birimbi ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota. Kwa mwenye figo zilizokufa, sumu yake hupanda kichwani. Kwikwi isiyokoma ndiyo mwanzo, na wapo waliokufa. Birimbi lenyewe la achari nalo lina asidi ya oksaliki nyingi, likae mbali.

Sasa maji. Mililita 500 kwa dakika kwa muda wa saa 4 ni lita 120, zikitenganishwa na damu yako na utando mwembamba tu. Maji ya kunywa hayafai. Klorini inayoua vijidudu kwenye bomba la jiji hupasua chembe nyekundu za damu. Alumini hudhuru mifupa na ubongo. Ndiyo sababu nyuma ya kila chumba cha dialisisi kuna chumba kingine chenye matangi ya mkaa, kilainishi na mtambo wa kuchuja kwa shinikizo, na klorini hupimwa kabla ya kila zamu, isizidi miligramu 0.1 kwa lita. Mwaka 1996 mjini Caruaru, Brazili, kituo kilitumia maji yaliyoletwa kwa maboza kutoka bwawa lenye mwani wa sumu, na zaidi ya wagonjwa 50 walikufa ini likiwa limeharibika. Sisi wa miji ya maboza tusione haya kuuliza: mtambo wa maji ulipimwa lini, na nani anaandika vipimo vya klorini? Kituo kizuri kitakuonyesha daftari.

Hapa ndipo wazo la kusafishiwa damu nyumbani linapokutana na ukweli wa nyumba zetu. Si jambo jipya. Seattle na London walianza miaka ya 1960, viti vya hospitali vilipokuwa vichache. Lakini mashine ya kawaida nyumbani inataka zile lita 120 zilizochujwa, na mtambo wa kuchuja humwaga sehemu kubwa ya maji yanayoingia, kwa hiyo bomba litoe zaidi ya lita 200 kwa zamu bila kukatika. Inataka umeme usioyumba, bomba la maji machafu, fundi anayefika siku hiyohiyo, na kampuni inayoleta vichujio kila mwezi. Afrika Mashariki wenye hayo yote ni wachache mno, na anayeahidiwa mashine ya nyumbani bila kuulizwa kuhusu maji anauziwa chuma.

Njia ya nyumbani iliyo karibu zaidi na uwezo wetu ni dialisisi ya tumbo. Mpira laini unawekwa tumboni, unaachwa upone kwa wiki kama 2, kisha mgonjwa anaingiza lita 2 za maji maalumu, anakaa nayo saa kadhaa, anayatoa, anaingiza mengine, mara 4 kwa siku, kila badilisho nusu saa au zaidi kidogo. Haina sindano wala umeme. Inataka mikono iliyooshwa kila mara bila uvivu, chumba kisicho na vumbi wala feni wakati wa kubadilisha, na mahali pa kuweka mifuko 120 kwa mwezi, ambayo ni zaidi ya kilo 240. Maji yakitoka na ukungu kama ya kuoshea mchele, hata bila maumivu, mfuko huo ubebwe hospitali siku hiyo. Kabla ya kukubali, hakikisha nani analeta mifuko na ana akiba gani bandari ikichelewa.

Kwa ndugu walioko Uingereza au Marekani, hesabu ni nyingine, na wengi hawaambiwi. Huko kuna mashine ndogo zinazotumia lita 20 hadi 30 tu kwa zamu, nyingine kutoka kwenye mifuko ya lita 5 iliyokwishatengenezwa, kwa siku 5 au 6 za wiki, muda wa saa 2 na nusu hadi 3. Wengine husafisha usiku wakiwa wamelala, muda wa saa 6 hadi 8. Kusafisha mara nyingi zaidi kunapunguza lile pengo la wikendi. Kilo za kutoa ni chache, presha inatulia. Utafiti wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 2010, uliolinganisha zamu 6 na 3 kwa wiki, ulikuta moyo na presha vimenufaika, lakini mishipa ya kuchomea ilihitaji matengenezo zaidi. Yote mawili yawekwe mezani. Uingereza, mgonjwa wa nyumbani anaweza kurudishiwa gharama ya ziada ya umeme na maji. Uliza kitengo chako. Marekani, Medicare, bima ya afya ya serikali, huanza kawaida mwezi wa nne kwa anayesafishwa kituoni, ila kwa anayeingia mafunzo ya nyumbani inaweza kuanzia mwezi wa kwanza.

Mafunzo huchukua wiki kadhaa, na kinachowarudisha watu nyuma ni sindano kuliko mashine. Ziko mbili, za unene ambao mtu wa kawaida hajawahi kuuona, zikiwa mbali kwa sentimita 5 hivi ili damu safi isirudi kuvutwa tena. Unaweza kupanda na kushuka kama ngazi, kila siku tundu jipya, na hiyo hulinda ukuta wa mshipa. Kuchoma pale pale kwa sababu hapaumi hutengeneza uvimbe unaoweza kupasuka. Au unatumia tundu moja la kudumu, kwa pembe ileile, mchomaji yuleyule, mpaka njia ijengeke na sindano butu iteleze. Njia hii haina maumivu makali, lakini kigaga cha juu lazima kilainishwe, kitolewe chote na pasafishwe upya kabla ya kuingiza. Kipande kilichosukumwa ndani ni bakteria kwenye damu.

Hatari kubwa kuliko zote nyumbani ni sindano ya kurudishia damu kuchomoka bila mtu kujua. Pampu ikiwa kwenye 300, lita moja na nusu inamwagika kwa dakika 5, na kengele ya mashine inaweza isilie. Kwa hiyo tepu ibandikwe kwa mtindo uleule kila siku, kihisi cha unyevu kiwekwe chini ya mkono, na mkono usifunikwe blanketi hata kama kuna baridi. Umeme ukikatika, betri hushikilia kwa dakika chache. Mfanye mazoezi ya kurudisha damu kwa kuzungusha pampu kwa mkono mpaka mweze gizani.

Na ulizaneni kwa uwazi nani atakuwa macho. Mke au mume anayejibu ndiyo mbele ya daktari anaweza kuwa anaogopa damu, au amechoka tayari. Mpeni ruhusa ya kusema hapana bila kulaumiwa. Wapo waliorudi hospitali baada ya mwaka kwa sababu ndoa ilikuwa inageuka wodi, na uamuzi wao ulikuwa sahihi. Wapo wanaoishi peke yao ambao kiti cha hospitali ndicho mazungumzo yao ya wiki, na nyumbani pangewaua kwa upweke. Mwenye kazi ya kuajiriwa na bomba lisilokauka atafurahia nyumbani. Anayepanga chumba kimoja na watoto watatu, bora apiganie zamu ya tatu hospitalini.

Msiba ukitokea mkoani, usiondoke kwanza na kutafuta mashine baadaye. Piga simu kituo cha huko kabla ya kukata tiketi, maana viti hujaa na baadhi hawapokei mgeni bila majibu mapya ya homa ya ini B na C na VVU. Beba karatasi yenye uzito mkavu, aina ya kichujio, mwendo wa pampu, kiwango cha potasiamu na kalsiamu kwenye maji yako, dozi ya heparini, tarehe ya zamu ya mwisho, na picha ya mkono ikionyesha sindano zinapoingia na upande damu inakoelekea. Karatasi hulowa na kupotea. Piga picha zote, ziwe kwenye simu yako na ya atakayekusindikiza.